Mteremko wa Ufaransa na Tope la Mkongo

Siku yangu ya kwanza kazini nilikosea kabla hata ya chakula cha mchana. Nilikuwa kibarua wa kubeba mizigo katika kambi ya watalii iliyokuwa ikifunguliwa juu ya mto, mbele ya kwetu Mkongo ukielekea porini. Lilikuja lori lenye masanduku ya mbao, tukaambiwa tuyashushe taratibu yasigongane. Nikayafungua, nikatoa chupa nyeusi, nikazipanga zimesimama wima, safu kwa safu, lebo zote zikitazama upande mmoja. Nikarudi nyuma kidogo nikaitazama kazi yangu, nikaona imekaa vizuri.

Akaingia mama mmoja wa Kifaransa, mfupi, mwenye mvi, amejifunga leso kichwani kama mama zetu wanapokwenda shamba. Sote tulikuja kumwita Madamu. Alikuwa mtaalamu wa mvinyo aliyeletwa na mwenye kambi, na Kiswahili chake alikiokota Unguja alikowahi kukaa.

"Nani amezisimamisha hizi?" akauliza.

"Ni mimi, mama."

"Zilaze. Chupa ya mvinyo hulazwa. Ikisimama, kizibo kinakauka, kikikauka kinasinyaa, hewa inaingia, na mvinyo unakufa. Hiki kizibo ni gome la mti, kinataka unyevu."

Hapo ndipo nilipojua nilichokuwa nimebeba kichwani asubuhi nzima. Nimezaliwa katika nyumba ya swala tano, na mafundisho yetu katika jambo hili hayamlaumu mnywaji peke yake. Yanamtaja na anayebeba, na anayemimina. Ningeweza kuomba ujira wa asubuhi ile nikaenda zangu. Nilipiga magoti nikazilaza chupa zote, na kesho yake nikarudi tena.

Nawaandikia vijana wetu wanaoingia katika kazi za hoteli na kambi, ambao huniuliza ilikuwaje mtu wa Mkongo asiyejua hata ladha ya pombe akawa mtunza mvinyo. Nitawaeleza kazi yenyewe ilivyokuwa. Nitawaeleza pia kwa nini leo nikipita barazani naitwa Bwana Mteremko, nami huitikia nikiwa nimeangalia chini.

Kazi ya kwanza niliyofundishwa ilikuwa ya ghala. Mvinyo hauna adui kama joto, na kwetu joto ndilo mwenye nyumba. Tulichimba ndani ya ukingo wa mto, mahali pa juu pasipofikiwa na maji, tukajenga kuta za matofali, tukaezeka makuti juu ya makuti, na mlangoni tukatundika magunia niliyokuwa nikiyalowesha kila asubuhi. Chupa zililala humo gizani kama wagonjwa, na hakuna aliyeruhusiwa kuzitikisa. Mvinyo mwekundu uliokaa miaka mingi hujenga mashapo chini yake, kama kahawa ya barazani. Kwa hiyo kabla ya kuupeleka mezani ilinipasa kuisimamisha chupa tangu jana yake, kisha kuumimina polepole ndani ya jagi la kioo, mshumaa ukiwaka nyuma ya shingo ya chupa, ili mashapo yakianza tu kupanda nisimamishe mkono. Mkono ukitetemeka umeharibu. Wangu haukuwa ukitetemeka, na Madamu aliliona hilo mapema.

Siku aliponipa glasi nionje, nikamwambia dini yangu hairuhusu.

"Na pua yako nayo ina dini?" akauliza.

"Pua sidhani kama imekatazwa, Madamu."

"Basi tutafanya kazi na pua."

Hivyo ndivyo nilivyosoma. Alinifundisha kwanza kuujua mvinyo ulioharibiwa na kizibo chenye ukungu, ambao hunuka kama gunia lililolowa likasahauliwa uvunguni. Huo harufu yake ukishaijua huisahau, na mgeni akiupata mezani ni fedheha kwa nyumba nzima. Kisha akanifundisha matunda. Yeye alikuwa akitaja matunda ya kwao nisiyopata kuyaona, nami nikawa naficha ujinga wangu kwa kutikisa kichwa, mpaka siku moja nikachoka nikamwambia ninachonusa mimi ni zambarau, na nyuma yake majani ya mpera yaliyokauka. Akanusa tena, akanusa tena, akacheka. Tangu siku hiyo kwenye kambi yetu mvinyo mwekundu wa kwao ulielezwa kwa wageni kwa zambarau, na ule mweupe kwa ubuyu na asali. Niliona fahari kubwa. Nitakuwa mwongo nikisema niliona kingine.

Mvinyo wake karibu wote ulitoka sehemu moja ya Ufaransa iitwayo Bourgogne, ndiko alikozaliwa. Alinifinyangia kilima cha kwao kwa mchanga mbichi juu ya meza ya jikoni, mpishi akinung'unika pembeni. Ni kilima kirefu, chembamba, kinachotazama jua linapochomoza. Mvinyo wake mwekundu hutoka katika aina moja tu ya zabibu, na mweupe vilevile katika aina yake moja, lakini kila kipande cha ardhi kina jina lake na ladha yake, na mtu akivuka ukuta wa mawe akaingia kipande cha pili anakuta mvinyo mwingine kabisa. Watawa wa zamani ndio waliojenga nyingi ya kuta hizo, baada ya kulima pale vizazi kwa vizazi wakaona wapi panatoa nini. Watu wakifa watoto wanagawana, hata mtu anabaki na mistari miwili ya mizabibu ndani ya shamba maarufu, na hauzi ng'o. Wakati wa baridi wanapogoa matawi na kuyachoma kwenye matoroli yao ya chuma huku wakiota moto. Wakati wa mavuno wanachuma kwa mikono, wamepinda migongo, na siku ya mwisho mwenye shamba anawapikia wachumaji karamu.

"Sikiliza hili," aliniambia akiweka kidole juu ya ule mchanga. "Huku juu kabisa ardhi ni nyembamba, mvinyo wake mkali. Huku chini kabisa maji yanatuama, udongo mzito, mzabibu unashiba, unakuwa mvivu. Mvinyo wake ni wa kawaida. Hapa katikati ya mteremko ndipo penye ufalme. Mzabibu uteseke kidogo ndiyo utoe kitu."

Nililishika neno hilo kama aya. Majina ya vijiji vyake niliyahifadhi kuanzia kaskazini kwenda kusini: Gevrey, Morey, Chambolle, Vougeot, Vosne, Nuits. Hata leo ukiniamsha usingizini nitakutajia.

Sasa nimtaje mama yangu. Baba alifariki nikiwa kijana, na mama alitulea kwa jembe katika shamba letu la bondeni liitwalo Matopeni. Wasiotoka kwetu niwaeleze: Rufiji tunalima mlao. Mto unafurika, unakaa, unarudi kwao, na nyuma yake unaacha tope jipya. Unachimba kishimo ndani ya tope hilo, unatia mahindi, na hayangoji mvua; mizizi inaufuata unyevu unavyoshuka, hadi unavuna wakati wa kiangazi huku nchi nyingine inalia njaa. Mtu anajenga dungu, kibanda cha juu ya nguzo, akae humo kulinda nguruwe na ndege. Mimi nilizaliwa ndani ya dungu la Matopeni, mama alipokamatwa na uchungu akiwa anafukuza ndege.

Sikumficha kazi yangu. Nilipopata mshahara wa kwanza nilimpelekea mchele, sukari na doti ya kanga. Akapokea salamu yangu, akaitazama ile mizigo.

"Kazi gani hiyo, baba?"

"Natunza vinywaji vya wageni, mama."

"Vinywaji gani?"

"Mvinyo."

Hakupiga kelele. Aliisukuma mizigo kwa upole ikarudi upande wangu. "Weye ni mwanangu, na dua yangu unayo," akasema. "Mkeo na wanao walishe unachopata, hilo ni lako na Mola wako. Lakini miye sitii tumboni kitu cha chupa. Ukitaka kunilisha, nilishe cha jembe lako."

Basi likawa ndilo agano letu. Kila mwaka maji yalipopungua niliomba likizo, nikateremka Matopeni na jembe, nikapanda. Mama alipalilia na kulinda mpaka miguu ilipomkataa, na wakati wa kuvuna nilirudi tena. Hakula chochote changu isipokuwa kilichotoka pale. Mahindi yale ndiyo yaliyokuwa kamba kati yangu na mama yangu, na nilijua hivyo.

Meneja wa kwanza, mtu wa bara asiye na maneno mengi, lilimsumbua sana suala hili, kwa sababu maji yanapopungua ndipo watalii wanapomiminika.

"Wageni wanaingia Juni, wewe Juni unataka kwenda kulima," aliniambia. "Nikueleweje?"

"Mama yangu hali mshahara wangu, mzee."

"Sasa una kosa gani huo mshahara?"

Madamu ndiye aliyeniokoa. Alimwambia kwamba kwao pia, wakati wa mavuno, karani anaacha karatasi zake na dereva anaacha gari lake, kila mtu anarudi shambani kwa mama yake, na mtunza mvinyo asiyejua jembe si mtunza mvinyo. Meneja akatia saini akinung'unika. Nilipewa siku zangu kila mwaka mpaka alipohamishwa, na hata baada yake.

Meneja wa pili alikuwa kijana, mcheshi, aliyesoma mambo ya utalii ng'ambo. Yeye aligundua kwamba Mwislamu anayejua mvinyo bila kuuonja ni kivutio. Wageni wakishakula, ananiita mezani nikiwa nimevaa kanzu nyeupe na kofia ya viua aliyoninunulia yeye mwenyewe, ananipa glasi tatu ninuse, niseme ipi inatoka kijiji gani. Nikinusa, nikitaja, wanapiga makofi. Kisha anasema, "Na hajawahi kunywa hata tone!" wanapiga tena, wanapiga na picha. Kofia ile ni kofia ya kwendea msikitini. Mama yangu alizishona kofia kama zile kwa mkono wake zamani, akiziuza sokoni Ikwiriri. Nami niliivaa mbele ya glasi za mvinyo, nikatabasamu. Ningeweza kumwambia kijana yule aivue kichwani pangu, kwani ghala lote lilikuwa mikononi mwangu na alinihitaji kuliko nilivyomhitaji. Sikumwambia kwa sababu makofi yalikuwa matamu. Hili huniuma nikilikumbuka, hasa ninapoivaa kofia yangu kwenda swala.

Kazi mbaya si mchezo mwema, husema watu, nami nilijifariji hivyo. Lakini haikuwa kazi mbaya kwangu, na hapo ndipo penye aibu. Niliipenda. Nilipenda giza la ghala, nilipenda kukisikia kizibo kikitoka bila kelele, nilipenda kujua jambo ambalo watu wengine hawakulijua. Nikawa kila nikirudi nyumbani naona watu wetu hawajui kitu. Naketi barazani nawasikiliza wazee wakibishana kuhusu tope la mwaka huu, jepesi au zito, limefika wapi, nami moyoni nasema: hawa wangeona kilima cha Bourgogne.

Likaja jambo la kupima mashamba. Kamati ya ardhi ya kijiji ilitangaza kwamba kila familia isimame kwenye mipaka yake bondeni pamoja na jirani, vijana wenye mashine wapime, ili watu wapate hati zao za kimila. Ilinikuta likizoni. Miguu ya mama ilikuwa imevimba, akaniambia, "Nenda weye, ndiye mkubwa. Simama kwa Ngwele, yeye anaujua mpaka."

Mzee Ngwele alikuwa jirani yetu tangu enzi za baba. Matopeni ni bonde, bakuli ambalo maji huwa ya mwisho kulitoka. Shamba lake yeye, Mgongoni, liko juu yetu, ardhi inainama taratibu, inatazama jua linapochomoza. Nilisimama pale mpakani nikatazama huku na huku, na nawaapia sikuliona bonde la kwetu. Nilikiona kile kilima cha mchanga juu ya meza ya jikoni. Huku chini maji yanatuama, udongo mzito. Pale juu kidogo, katikati ya mteremko, ufalme.

"Mzee Ngwele," nikasema, "kabla hawajapima, kwa nini tusibadilishane? Wewe chukua Matopeni, mimi nichukue Mgongoni."

Mzee alinitazama kama mtu aliyesalimiwa kwa lugha nyingine. "Nani, miye nichukue Matopeni?"

"Ndiyo."

"Mama yako amekubali?"

"Mimi ndiye ninayelima, mzee wangu."

"Nakuuliza tena, mwanangu. Mama yako amekubali? Maana usije ukaacha mbachao kwa msala upitao."

Badala ya kumjibu yeye, niliwageukia vijana wa mashine na wajumbe wa kamati, nikaanza kufundisha. Niliwaeleza habari za mteremko. Niliwaeleza kwamba mmea ukishiba maji unakuwa mvivu, kwamba unatakiwa uteseke kidogo. Niliwaeleza kwamba Ufaransa watu wanajua mambo haya karne kwa karne. Mjumbe mmoja akauliza kama hayo ni ya mahindi, nikamwambia ardhi ni ardhi. Vijana walinisikiliza kwa adabu.  Mzee Ngwele aliinama akachukua tope la Matopeni, akalifinya kiganjani, akaenda kusimama upande wake mpya. Mashine ikapima, majina yakaandikwa.

Nilirudi nyumbani nina furaha. Nilimkuta mama ameketi kwenye mkeka anachambua mboga, nikamweleza yote, pamoja na mteremko.

"Umempa nani Matopeni?" akauliza, kama vile hakusikia.

"Mzee Ngwele. Sisi tumepata Mgongoni, mama, pazuri zaidi."

Aliacha kuchambua. Halafu akasema, "Nilikuzalia pale. Kitovu chako nimekizika pale," akaendelea kuchambua mboga zake. Nilidhani ni huzuni ya kizee, itapita.

Mahindi ya Mgongoni yalitoka vizuri, yakanipa kiburi cha majuma kadhaa. Kisha ardhi ikaanza kupasuka. Unyevu ulishuka upesi kuliko mizizi, na mahindi yakachanua yakiwa yamefika magotini, magunzi yake kama vidole vya mtoto. Yaliteseka kweli, kama nilivyofundisha. Hatua chache chini yake, Matopeni ilikuwa kijani, imefunga, mtu akiingia haonekani. Wako wanaonipoza kwa kusema maji ya siku hizi hayatabiriki. Nawashukuru, lakini kila mwanamke aliyekuwa akipita njia ile na jembe lake alijua kitakachotokea, na hakuna hata mmoja niliyemuuliza.

Nilikwenda kwa Mzee Ngwele kumwomba turudishiane. Alinikaribisha, akanipa kahawa.

"Hati imetoka, na shamba nimewagawia binti zangu," akasema. "Nitawaambia nini? Nilikuuliza mara mbili, mwanangu. Mbele ya watu."

"Ni kweli, mzee. Uliniuliza."

Maji yakishamwagika hayazoleki. Mwaka ule mama alikula cha majirani. Wanawake wa mtaa walimletea unga kwenye vibakuli vilivyofunikwa, wakimsalimu kwa sauti ya chini kama wamekuja msibani, huku mwanawe wa kwanza ana mshahara, ana kofia ya viua, na anapigiwa makofi na wageni kutoka dunia nzima. Nilimletea mchele, nikaapa kwamba ni wa kununua kwa fedha ya kuku niliowauza. Akaniuliza kuku walikula nini. Nikaurudisha mchele.

Ndipo vijana wa barazani waliponipa jina. Wa kwanza alisema kwa kunong'ona, wa pili kwa sauti, na mwisho hata watoto wa madrasa wakawa wananisalimu, "Shikamoo, Bwana Mteremko."

Madamu alikuwa amezeeka, alikuja msimu ule mara ya mwisho. Nilimweleza ghalani, tukiwa tunazikagua chupa, nikitegemea atanionea huruma, labda na kucheka. Hakucheka. Aliweka chupa chini, na aliilaza.

"Nani alikuambia mteremko wa kwetu ni wa dunia nzima?"

"Ulinifundisha wewe, Madamu."

"Mimi nilikufundisha watu wa kwetu walivyoijua ardhi ya kwetu. Waliilima, wakaiuliza, wakaiuliza tena, baba na mtoto na mjukuu. Wewe unayo ardhi yako imeulizwa miaka yote hiyo, majibu ameyashika mama yako. Hukumuuliza hata yeye." Akaitazama glasi tupu mkononi mwake. "Basi sikukufundisha kitu."

Nimekemewa na mameneja, nimewahi kukatwa mshahara, lakini sikumbuki neno lililonishusha kama lile. Tulimaliza kukagua chupa zilizobaki. Alipoondoka kwenda kwao alinipa mkono, akasema niwe mzima. Hatukuonana tena.

Nilistaafu msimu uliofuata. Meneja wa pili alifanya sherehe, akatoa hotuba, akaniita hazina ya kambi, kisha kwa mara ya mwisho akaniwekea glasi tatu. Nilimwambia pua imeziba kwa mafua. Haikuwa imeziba. Kofia yake niliiacha imekunjwa juu ya sanduku la mbao ghalani, nikafunga mlango, nikamkabidhi ufunguo.

Vijana mnaoniuliza kama kazi ile ni nzuri, nami nina muda sasa wa kufikiri, jibu langu ni hili. Ujuzi ule haukuwa na kosa. Watu wa Bourgogne wanastahili heshima yao. Wameitumikia ardhi yao mpaka ikawaambia siri zake, nami nilipewa siri hizo bure na mwanamke mwema. Mimi nilizibeba kama mtu aliyepewa ufunguo wa nyumba ya mwenziwe, akaenda kujaribu kufungulia ya kwao, mlango ukavunjika. Kama mtafanya kazi hizo, zifanyeni, na mambo ya dini kila mtu ajihukumu mwenyewe. Ila mkirudi nyumbani, kaeni chini msikilize tope limefika wapi mwaka huu.

Kiinua mgongo changu mama hakukigusa, kwani nacho ni cha chupa. Kwa hiyo maji yalipopungua nilikwenda kwa binti mkubwa wa Mzee Ngwele, ambaye nilimbeba mgongoni alipokuwa mtoto, nikamwomba kibarua cha kulima Matopeni kwa ujira wa mahindi. Aliona haya kuliko mimi. "Baba mdogo, nitakupa tu," akasema. Nikamwambia akinipa hayatanisaidia kitu, anipe kazi. Nikalima, nikapanda, nikapalilia. Wapita njia walinisalimu kwa jina langu la pili, nikawaitikia. Mgongo si ule wa zamani; jioni nilikuwa nikitambaa kulipanda dungu.

Nilipopata ujira wangu wa mahindi nikayasaga, nikasonga ugali mwenyewe, nikapika na kambale. Mama siku hizi haoni sawasawa. Nikamnawisha, nikamwekea sahani, sikumwambia yametoka wapi. Akamega tonge, akatafuna, akaacha kutafuna.

"Haya ya Matopeni," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ngwele kakupa?"

"Hakunipa. Nimelima."

"Kibarua?"

"Kibarua, mama. Kwenye shamba letu."

"Si letu," akasema bila ukali, akamega tena. "Lakini ni cha jembe lako. Kaa ule."

Nikanawa, nikakaa mkekani. Mimi niliyekuwa nikitenganisha vijiji vya Ufaransa kwa pua, nilimega tonge langu, nikalinusa kwa siri, nikalitia mdomoni, nikatafuna taratibu, nikilitafuta tope nililozaliwa juu yake. Nilisikia ugali. Ugali mzuri, wa moto, kama ugali mwingine wowote.

"Unaisikia ladha yake?" mama akaniuliza.

Nikamjibu naisikia.